Vichaka vya Ziwa si Uchafu wa Kusafishwa

Kila aliyepitia shule zetu anaifahamu adhabu ya kufyeka. Mwanafunzi amechelewa kufika kwenye gwaride la asubuhi, au amenaswa akipiga soga wakati wa masomo ya jioni, basi mwalimu wa zamu humkabidhi fyekeo na kumwonyesha kipande cha ardhi nyuma ya bweni. "Safisha hapo mpaka kwenye ua," huambiwa. Naye husafisha. Hachunguzi anachokata. Nyasi, mche wa mti, mmea wa dawa, kichaka chenye kiota cha ndege, vyote humwangukia miguuni vikiwa na jina moja tu, nalo ni majani. Jua linapotua, mwalimu hupita kukagua kazi, na akiuona udongo mtupu huridhika, akasema kwamba sasa mahali pale pamekuwa safi.

Neno hilo "safi" ndilo lililonisukuma kushika kalamu leo. Mimi ni mwalimu wa isimu, si mtaalamu wa mimea, na huenda msomaji akashangaa kuniona nikiiacha sarufi na kuingia vichakani. Hata hivyo, kwa muda mrefu nimeona kwamba neno hutangulia fyekeo. Kabla mtu hajakikata kichaka, amekwisha kukiita uchafu. Kabla hajakijaza kinamasi udongo, amekwisha kukiita ardhi tupu. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba vichaka na vinamasi vya ukingo wa Ziwa Victoria, katika kaunti za Homa Bay na Migori, vinaangamia kwa sehemu kubwa kwa sababu hatukuwafundisha watoto wetu kuviona, na kwamba mwalimu na mwanafunzi wanaweza kulirekebisha jambo hili bila ya kungoja amri kutoka Nairobi.

Nchi kavu kando ya maji mengi

Mgeni asiyezijua kaunti hizi mbili hudhani kwamba, kwa kuwa zimepakana na ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,800, lazima ziwe nchi ya misitu minene na mvua isiyokatika. Sivyo hata kidogo. Ukiteremka kutoka nyanda za juu za Kisii kuelekea Mbita, Karungu au Muhuru, utaona jinsi migomba na majani chai yanavyokuachia njia, udongo unavyokuwa mwembamba wenye mawe, na jua linavyozidi ukali. Mvua za ufuoni ni chache kuliko za milimani, na kiangazi huuma.

Mimea ya huko imejifunza kuvumilia. Kuna migunga yenye miiba, mikwaju, na mishubiri inayoitwa ogaka kwa lugha ya Dholuo. Kuna ochuoga, kichaka cha miiba ambacho matunda yake meusi matamu kila mtoto wa huko amewahi kuyachuma. Kuna sangla, powo na ochol, vichaka ambavyo havifikii urefu wa kuitwa miti na kwa hiyo havimo katika hesabu ya mtu yeyote. Kuna ile mimea minene yenye utomvu mweupe kama maziwa, ambayo matawi yake huinuka mithili ya kinara cha mishumaa. Ukikaribia maji utapokewa na matete, na orindi, mti mwepesi ambao wavuvi wa zamani waliutumia kuelezea nyavu, na hatimaye mafunjo, ambayo huweza kurefuka kufikia mita 4 au 5.

Sasa tutazame kazi ya mimea hiyo. Vilima vya Gwassi, Ruri na Homa vina miteremko mikali. Mvua chache zinaponyesha, hunyesha kwa kishindo. Kichaka kilicho mlimani hulipunguzia tone la mvua nguvu kabla halijagonga ardhi, na mizizi yake huushika udongo. Maji yanayopenya hapo huteremka taratibu mpaka ufuoni, ambako mafunjo huyapokea, huchuja tope, hunyonya naitrojeni na fosforasi, kisha huyaruhusu kuingia ziwani. Aidha, mawimbi yanapovamia ufuo, huyakuta mafunjo yamesimama kama askari, yakavunjika nguvu.

Ondoa kichaka cha mlimani, udongo utaserereka. Ondoa mafunjo, udongo huo na mbolea yake utaingia ziwani bila ya kizuizi. Huo ndio mlo wa gugumaji, mmea wa asili ya Amerika ya Kusini uliobainika katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambao katika miaka ya 1990 uliziziba ghuba, ile ya Homa Bay ikiwemo, hata mashua zikashindwa kuondoka ufuoni. Tulilaani gugumaji, tukaleta fukusi wa kulitafuna, tukaleta mashine za kulivuna. Ni wachache waliotazama juu mlimani kuuliza ni nani aliyekuwa akililisha.

Maji nayo yana kumbukumbu. Mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, ambazo wengi walizibandika jina la mvua za uhuru, ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mnamo Mei 2020 ziwa lilipanda tena mpaka likakipita kiwango kile, na watu waliojenga au kulima mahali palipokuwa na mafunjo wakaamka na kukuta maji mlangoni. Huko Nyatike, Mto Kuja, unaoanzia nyanda za juu za Kisii na kuungana na Mto Migori, umezoea kuvunja kingo zake na kufurika katika uwanda wa chini kabla haujafika ziwani. Tunasema mto umevamia mashamba. Mto, lau ungekuwa na ulimi, ungesema mashamba ndiyo yaliyouvamia.

Walivyoviita wengine

Tusidhani kwamba nchi yenye vichaka ni nchi yenye upungufu. Ufuo wa Bahari ya Mediterania, kuanzia kusini mwa Ufaransa kupita Italia hadi Ugiriki, umefunikwa kwa vichaka vya namna hii: vifupi, vigumu, vyenye majani manene yanayozuia maji kupotea wakati wa kiangazi kirefu. Watu wa huko hawakuviita pori na kunyamaza. Waitalia huviita macchia na Wafaransa maquis. Wahispania waliofika Chile na California waliviita vichaka walivyovikuta matorral na chaparral, na Afrika Kusini ina fynbos yake, inayojulikana kote duniani kwa wingi wa aina za mimea yake.

Neno maquis lina kisa ambacho Mkenya atakielewa upesi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Ujerumani ilipoikalia Ufaransa, vijana waliokataa kupelekwa kufanya kazi ya shokoa Ujerumani walikimbilia vichakani na milimani wakapigana kutoka huko. Wakaitwa kwa jina la kichaka kilichowaficha, na jina hilo likawa heshima mpaka leo. Sisi nasi tunawakumbuka kwa fahari wapiganaji wa uhuru walioingia msituni katika miaka ya 1950. Lakini fahari yetu ilibaki kwa watu, haikufika kwenye mimea iliyowasitiri. Ufaransa, kwa upande wake, iliunda mwaka 1975 taasisi ya umma yenye kazi ya kununua ardhi ya pwani na fukwe za maziwa ili isijengwe wala kufyekwa. Sidai kwamba jina peke yake ndilo lililoleta sheria. Ninachosema ni kwamba ni vigumu mno kuitungia sheria kitu ambacho hakina jina la heshima.

Hebu tuyapime maneno yetu. Pori, katika mazungumzo ya kila siku, ni mahali pasipo na mwenyewe na pasipo na faida. Mtu asiye na adabu tunamwita mtu wa porini. Anayeficha maovu tunasema anajificha kichakani. Kufyeka tunakuita kusafisha. Na nyika, neno zuri linalotaja nchi kavu ya vichaka, tulilitumia vibaya kuliko yote. Kwa miaka mingi majirani zetu wa nyuma ya pwani waliitwa Wanyika, yaani watu wa vichakani, na jina hilo lilikuwa na kebehi ndani yake. Wenyewe walilikataa, wakajiita Mijikenda. Historia ina dhihaka zake: mwaka 2008 misitu ya kaya ya watu hao hao, waliyoitunza kwa miiko ilhali wengine wakiwacheka, iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Ngome iliyopewa jina la pori

Kaunti ya Migori nayo inayo hazina ya aina hiyo, na wanafunzi wengi wa huko hawajawahi kuitembelea. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori pana maboma ya mawe yanayoitwa Thimlich Ohinga. Wataalamu hukadiria kwamba yalijengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zimesimamishwa kwa mawe yasiyochongwa, bila ya saruji wala udongo wa kuyaunganisha, nazo zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Mwanafunzi wa isimu alitazame jina hilo. Thim, kwa Dholuo, ni pori. Lich ni kinachotisha. Ohinga ni ngome au boma kubwa. Waliopapa jina mahali pale waliona mambo mawili pamoja, kichaka kinachotisha na ngome ndani yake, wala hawakuona haja ya kukifuta kimoja ili wakisifu kingine. Kwao kichaka kilikuwa sehemu ya ulinzi. Adui na mnyama mkali walipaswa kukipita kwanza kabla ya kuufikia ukuta. Ukifika huko leo utaona bado mawe na miti vinaishi pamoja. Anayedhani kwamba mababu zetu walikuwa wakipigana na pori usiku na mchana hajaisikiliza lugha yao.

Mafunjo nayo yana hadithi ambayo mwalimu wa Kiswahili angeweza kuitumia kesho asubuhi. Neno letu "karatasi" tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wagiriki, ambao kwao lilimaanisha ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo ya Misri. Hata neno "Biblia" linatokana na neno la Kigiriki lililoutaja mmea huo. Mtahiniwa anayekaa katika ukumbi wa mtihani huko Sori au Kendu Bay ameshika mkononi kitu ambacho jina lake lilizaliwa katika kinamasi, na mmea wenyewe unasimama umbali mfupi kutoka dirishani. Wajaluo huuita togo, na kwa mabua yake hufuma mikeka.

Zaidi ya hayo, mafunjo ni malazi ya samaki. Sangara, anayeitwa mbuta, alipoingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alivila visamaki vidogo vya asili viitwavyo fulu hata aina nyingi zikatoweka. Lakini ndani ya mafunjo maji yana oksijeni kidogo, na sangara hawezi kuistahimili hali hiyo. Baadhi ya samaki wa asili wanaiweza, na kamongo, ambaye hupumua hewa, ameiweza tangu zamani za kale. Hivyo kinamasi kikawa kimbilio lao. Anayekikausha kinamasi ili apate ekari moja ya mboga huenda anabomoa nyumba ya mwisho ya samaki ambao babu yake aliwala.

Jibu kwa mzee wa Lambwe

Ninajua kwamba kuna msomaji ambaye kufikia hapa amekunja uso. Yawezekana ni mzee wa Bonde la Lambwe, huko Homa Bay, naye ana haki ya kuniuliza: "Mwalimu, wewe unayevisifu vichaka ukiwa mjini, unamjua mbung'o?"

Swali hilo lina uzito wala halistahili kupuuzwa. Malale ni ugonjwa uliowamaliza watu wa ziwa hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua takriban watu 250,000 nchini Uganda, na Nyanza Kusini haikusalimika. Lambwe ilikuwa maskani ya mbung'o, na mbung'o hupenda kivuli cha kichaka. Wenyeji walihama, ng'ombe wakafa kwa nagana, na bonde lenye rutuba likaachiwa wanyama. Serikali, ya kikoloni na baadaye ya Kenya huru, ilifyeka vichaka na kunyunyiza dawa. Kwa mzee aliyezika ndugu zake, kufyeka kulikuwa kuokoa maisha, na sina ubavu wa kumhukumu.

Lakini tuendelee na historia hiyo mpaka mwisho, kwa kuwa wengi huikatiza njiani. Vichaka vilivyofyekwa viliota tena, na mbung'o akarudi navyo. Kilichosaidia zaidi kadiri miaka ilivyopita kilikuwa kumjua mdudu mwenyewe. Mwaka 1970 mwanasayansi wa Kenya, Profesa Thomas Odhiambo, aliasisi taasisi ya utafiti wa wadudu ijulikanayo kama ICIPE, ambayo ilijenga kituo Mbita, kando ya ziwa hilo hilo. Watafiti waligundua ni rangi gani humvuta mbung'o na ni harufu gani humdanganya, wakatengeneza mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ambayo mwanakijiji anaweza kuitundika mwenyewe. Wagonjwa wakatafutwa na kutibiwa, mifugo ikakingwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya.

Na Lambwe je? Sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita mraba 120. Ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, huja huko kila mwaka kutoka kusini mwa Afrika kukimbia baridi. Lau kila kichaka na kila nyasi ya bonde lile vingeondolewa kwa jina la usafi, leo Kenya isingekuwa na korongo hata mmoja. Mzee wa Lambwe na mimi, nadhani, tungeweza kukubaliana juu ya jambo hili: adui alikuwa mdudu, na tulimshinda tulipomjua kwa jina na kwa tabia.

Kuna na pingamizi la pili, la mama anayehitaji kuni na kijana anayechoma makaa kwa kukosa kazi nyingine. Kila moja ya kaunti hizi ilikuwa na zaidi ya watu milioni 1 na laki 1 katika sensa ya mwaka 2019, na wote hupika. Simwambii mama asikate. Mafunjo yaliyokatwa kwa kiasi huchipuka tena kutoka katika mizizi, na mfumaji wa mikeka analijua hilo kuliko mimi. Anayeyaua ni yule anayechoma moto kinamasi kizima au kuchimba mitaro ya kukikausha. Kati ya kuvuna na kufuta pana tofauti kubwa, na ndiyo tofauti ambayo neno "kusafisha" huificha.

Zoezi la dakika kumi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi dogo. Ninawapa dakika kumi waandike majina ya mimea inayoota kwao nyumbani, kwa lugha yoyote. Huanza kwa kasi: mahindi, mtama, mihogo, mwembe, mpapai, mkaratusi. Baada ya mimea inayoliwa na inayouzwa, kalamu husimama. Mwanafunzi mmoja kutoka Nyatike aliandika mstari wa mwisho hivi: "Mingine ni majani tu." Nilimpa alama zake, lakini nilimwomba aende na daftari nyumbani wakati wa likizo, akae na nyanya yake. Alirudi na kurasa nne. Kando ya kila jina palikuwa na maelezo: hii hutibu tumbo, hii hufukuza nyoka, hii hailiwi na mbuzi, hii ikichanua ujue mvua imekaribia. Aliniambia kwamba nyanya alicheka sana, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Daftari lile lilinikumbusha jambo tunalolijua vyema katika taaluma yetu, kwamba jina ni ghala la maarifa. Chukua mmea wa maua ya manjano uliojaa kandokando ya barabara za Nyanza, ambao Wajaluo huuita maua makech, yaani maua machungu. Neno "maua" humo limeazimwa kutoka Kiswahili. Hata kabla hujaambiwa na mtaalamu kwamba mmea ule asili yake ni Amerika ya Kati, jina lenyewe linakunong'oneza kwamba ni mgeni. Ochuoga halina azimo la namna hiyo, na yeyote anayeijua lugha hahitaji kuelezwa ni yupi mwenyeji na ni yupi mgeni.

Ghala hilo linawaka moto. Katika visiwa vya Mfangano na Rusinga na katika milima ya Gwassi, Wasuba walikuwa na lugha yao ya Kibantu, Olusuba. Kwa vizazi kadhaa wameihama na kuhamia Dholuo, na leo Olusuba imo miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Watu wakihama lugha, huchukua majina ya ng'ombe na ya samaki, kwa kuwa hayo ni ya sokoni kila siku. Majina ya vichaka huachwa nyuma. Kizazi kimoja baadaye, kichaka kisicho na jina huwa "majani tu," na fyekeo halina wa kulizuia.

La kufanya

Sheria tunazo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia 10 ya ardhi ya Kenya. Tangu mwaka 1999 tunayo sheria ya mazingira inayolinda maziwa, mito na ardhi oevu. Lakini tazama jinsi lugha inavyoweza kuipotosha hata nia njema. Sheria husema "miti," na serikali ikatangaza mwaka 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Shule nazo huitikia. Siku ya kupanda miti ikifika, jambo la kwanza ni kufyeka vichaka ili kupata nafasi ya mashimo, na mara nyingi kinachopandwa ni mkaratusi, hata kando ya kinamasi, mti ambao hunywa maji bila ya huruma. Ochuoga na sangla hukatwa ili kuutimiza wito wa kuyalinda mazingira. Picha hupigwa, wageni wakaenda zao.

Ninayo mapendekezo matatu kwa walimu wa Homa Bay na Migori, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. Kwanza, tuiondoe kazi ya kufyeka katika orodha ya adhabu. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001 na shule hazikufungwa. Hili nalo halitazifunga. Mtoto anayejifunza kwamba mimea ni adhabu hataipenda akiwa diwani wala mkulima. Nyasi za uwanjani zikatwe, nyoka asikaribishwe bwenini, lakini iwe ni kazi ya kawaida yenye mipaka, na kila shule iache ukanda mmoja usioguswa.

Pili, kila shule iwe na daftari la mimea. Mtaala wa Umilisi umeipa lugha ya mama nafasi katika madarasa ya chini, na mradi wa namna hii unaufaa barabara. Wanafunzi waandike jina la mmea kwa Dholuo, kwa Olusuba, kwa Igikuria, kwa lugha yoyote ya mahali hapo, kisha kwa Kiswahili, pamoja na matumizi yake na jina la mzee aliyewafundisha. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha washirikiane. Daftari likijaa, nakala iwekwe katika maktaba ya kaunti.

Tatu, sisi tunaofundisha Kiswahili tuyachunge maneno yetu. Nimesahihisha insha nyingi zenye kichwa "Umuhimu wa misitu". Sijapata kusahihisha hata moja juu ya vichaka. Mwanafunzi akiandika "ardhi tupu" kuhusu ufuo wenye mafunjo, tumuulize: tupu kwa nani? Akiandika kwamba wanakijiji "walisafisha" pori, tumwombe ataje walichokiondoa. Huenda hajui. Basi hapo somo limeanza.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu, na katika nchi ya ziwa mkeka hufumwa kwa mafunjo. Tukiyamaliza mafunjo, methali itabaki midomoni mwa wanafunzi wetu, wataikariri na kupata alama zote, lakini hawatakuwa na mkeka wala ufuo wa kuutandikia.